Kikombe Nilichokiacha Kimejaa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bariadi, Mhandisi wa Maji alinikabidhi boksi la vichupa akaniuliza kama najua kuchukua sampuli. Nikajibu ndiyo, maji si nachota tangu utotoni? Akacheka. "Suuza kichupa kwanza kwa maji yaleyale ya kisima, bwana. Usiipelekee maabara masalia ya soda yako."

Nikapelekwa Mkula, kisha Bukundi, na kila uhamisho uliniliza, maana mimi ni mtu wa kukaa kwangu. Nilijiliwaza kwa kunywa maji ya watu. Huku kwetu mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa shida yake, nami sikuwahi kurudisha kikombe chenye tone. Bukundi wakaniita Ng'ombe wa Serikali.

Ndipo yakaja majibu ya kisima cha mayu Kabula, yaani mama Kabula, mjane wa hapo Bukundi: kina urani, madini yenye mionzi yanayotoka kwenye miamba ya chini. Huwezi kuyaona wala kuyanusa. Ukinywa maji hayo miaka na miaka, figo huumia na hatari ya saratani huongezeka.

"Nenda kamwambie," akasema Mhandisi kwa simu. "Na ninavyokujua, usinywe!"

"Ng'wangaluka, mayu," nikamwamkia nilipofika kwake.

"Ng'wangaluka, ng'wana wane," akaitikia, akiniita mwanawe. "Ng'ombe wa Serikali kaja kunyweshwa!" Kikombe kikafika. Kando, mkwewe Minza, mjamzito, alichochea moto chini ya sufuria ya maji.

Nikaeleza. Mayu akaguna. "Sisi tunachemsha. Si mlitufundisha wenyewe?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mayu. Urani haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani."

"Kisima hiki kachimba marehemu mume wangu kwa mikono yake. Watu wa ofisini mna maneno! Kunywa kwanza, tuongee."

Kikombe kimoja kisingenidhuru, na kiu ilinibana. Lakini ningekunywa, Minza naye angeendelea kunywa, na mtoto wake baada yake. Nikakiweka chini.

Mayu akakitazama, akanitazama. "Wewe? Umekataa maji?" Akamgeukia mkwewe. "Zima moto, Minza. Huyu akikataa maji, jambo ni kubwa."

Kisima kikabaki cha kufulia. Ya kunywa wakachota kwenye bomba la kijiji, lililokwisha kupimwa.

Sasa nimestaafu, niko kibarazani kwangu Bariadi, mahali nilipotaka kuwa tangu siku ya kwanza. Ninyi mnaoanza kazi, pimeni kabla watu hawajazoea ladha ya kisima. Juzi mayu kanipigia simu: mtoto wa Minza kaanza shule, na wamefunga tangi la kuvunia maji ya mvua. "Njoo umalizie kikombe chako."

Nikamwahidi nitaenda. Mke wangu kacheka mpaka akakaa chini. Anajua hata geti letu silivuki.