Siku Shemeji Alipokosoa Filamu

Aliyehamisha mpaka wa kihamba changu, shamba langu la nyumbani, ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Naandika hilo kwanza, maana huku Kilema watu wanapenda kusema "mpaka ulisogea", kama vile una miguu. Nilikuwa nimelazwa Moshi mjini, nimepasuliwa tumbo. Niliporudi nyumbani, masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mwisho wa shamba, yalikuwa yameota mahali pengine, na kaburi la mume wangu liko upande wa shemeji. Mjumbe alisema hakuona kitu. Katekista alisema nisamehe. Nyumba zao zote mbili zinatazama kwangu.

Alhamisi baraza la kata lingesikiliza shauri langu. Sikuwa na shahidi hata mmoja.

Jumapili kabla ya hapo, baada ya misa ya pili, vijana wa mjini wakatuonyesha filamu ukumbini. Picha nzito, haina hata muziki. Mjane, mvua, ng'ombe anakufa, shemeji mtu anang'oa masale ya mpaka na kuyapanda ndani ya shamba la yule mama. Mwishoni mama anafunga mlango wake, basi.

"Muvi haina stori," kijana mmoja akalalamika. "Mwisho uko wapi sasa?"

"Si ndio huo?" akamjibu bibi jirani yangu, anajifuta macho kwa kanga. "Ulitaka wapigane karate?"

Watu wakacheka. Katekista akasema fundisho ni kusamehe. Mama mmoja akasema yule mjane naye alikuwa na mdomo. Mimi nilishika benchi kwa mikono miwili, maana ningeinuka ningepiga yowe.

Ndipo shemeji akasimama. Huyu hawezi kuacha jambo lipite bila kulifundisha.

"Waliotengeneza hii picha shamba hawalijui," akasema. "Nani anang'oa masale na mizizi yake? Yatanyauka, kila mtu ataona. Unakata vipande tu, unachomeka wakati wa mvua, yanashika yenyewe. Yale ya zamani unayafukia chini ya migomba. Mvua zikiisha hakuna anayejua. Hata yangu ya kule juu..."

Akaketi ghafla.

"Ya juu yapi, baba?" bibi akauliza taratibu. "Juu kwako si ndiko alikolala kaka yako?"

Hakuna aliyecheka. Nikainuka.

"Shemeji, endelea. Yangu uliyafukia chini ya mgomba gani?"

"Nimetoa mfano tu," akasema. Akarudia kwa Kichagga, mfano tu, akachukua kofia yake akatoka.

Nje niliwafuata waliosikia, mmoja mmoja. Mjumbe akasema pale ilikuwa ni mazungumzo ya filamu. Katekista akakumbuka kwamba hajafunga kanisa. Yule mama aliyemsema mjane eti alikuwa anaongea na mwenzake. Nawataja ili wajijue.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi, anatafuta pumzi. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Umesikia?"

"Marahaba. Nimezeeka magoti, sijazeeka masikio. Inuka, watu wanatutazama."

"Utasema hivyo mbele ya baraza?"

Akamtazama shemeji akishuka na njia, hajageuka nyuma.

"Nitasema. Ila unipitie mapema, kile kilima nakipanda kwa kupumzika. Na ukinikuta nimebadili mawazo, usinisikilize. Nivute mkono twende."