Fundi Bora wa Karakana pale Bunda

Baba yangu alianza kujifunza ufundi mwezi mmoja baada yangu, na hilo hakulisahau, kwa sababu sikumpa nafasi ya kulisahau.

Kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda kilikuwa kimeishiwa spea. Ilikuwa miaka ile ambayo hata sukari ilipatikana kwa kujuana, sembuse beringi za kutoka ng'ambo. Wakubwa wakaamua spea zichongwe hapohapo karakanani, na wafanyakazi wanaotaka wafundishwe huku kazi ikiendelea. Mimi nilikuwaga nashona magunia ya mbegu za pamba, nikajiandikisha. Baba alikuwa mlinzi wa geti, mtu mzima mwenyeji wa upande wa Butiama, mwenye koti la kaki na sauti ya kusimamisha malori. Aliniona nikirudi nyumbani na ovaroli yenye grisi, akanitazama juu hadi chini. Mwezi uliofuata nikamkuta karakanani, amesimama kwenye jiliwa la kubania vyuma pembeni yangu.

"Shikamoo baba. Umetumwa kumwita nani?"

"Marahaba. Sikutumwa. Na mimi ninajifunza," akasema. "Nimelindaga lile geti mpaka limenichoka."

Somo la kwanza lilikuwa kunyoosha kipande cha chuma kwa tupa hadi pande zote ziwe sawa. Baba alisukuma tupa kama mtu anayepalilia huku mvua inakuja. Kipande chake kikavimba katikati kama mkate.

"Baba, tupa inakata ikienda mbele. Ikirudi, inyanyue kidogo."

"Mama," akasema. Aliniita hivyo tangu utotoni, maana nilirithi jina la mama yake. "Mama, nani alikufundisha kutembea?"

"Wewe, baba. Hapa nimekutangulia."

Msimamizi wetu akageuka upande wa dirisha, mabega yakimtikisika.

Baba hakukata tamaa, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Kila Jumapili tukitoka kanisani alivua shati la ibada na kutafuta kitu cha kutengeneza. Alichonga komeo jipya la mlango wa jikoni, na tangu siku hiyo mlango ukakataa kufunga. Mama yangu mzazi akasema mlango ule ulikuwa unafungaga vizuri kabla elimu haijaingia nyumbani. Baba akalichonga upya, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, hadi likaingia na kutoka bila kelele. Alikaa tu jikoni akilifungua na kulifunga, huku mama akipika na kujifanya haoni.

Watahini walikuja kutoka Musoma. Vijana tulitetemeka, na wenzetu wenye wajukuu walitetemeka zaidi. Tulifaulu karibu wote mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, lile la kuanzia, baba akiwemo.

Siku ya sherehe uwanja wa kiwanda ulifungwa turubai, ng'ombe akachinjwa, na soda zikaletwa, kitu kilichowafanya hata wasiohusika kupiga pasi nguo zao. Baba alivaa suti ya sufu aliyofungia ndoa, jasho likimtiririka. Tukapewa vyeti. Kisha mgeni rasmi akatangaza zawadi ya fundi bora: katoni nzima ya sabuni. Watu wakanyamaza kwa heshima, maana wengi wetu tulikuwa tunafulia majivu. Akasoma herufi moja, halafu jina la ukoo wetu.

Herufi ya kwanza ya jina langu na ya baba ni moja. Kabla sijanyanyuka, baba alikuwa ameshafika mbele, amepeana mkono, na katoni iko begani. Msimamizi akamfuata akamnong'oneza. Nilimwona baba akigeuka kunitafuta kwa macho, nikaacha kucheka, maana sikutaka aaibike mbele za watu.

Akasogelea kipaza sauti.

"Nimekuja kumpokelea binti yangu," akasema. "Katoni ni nzito. Na mwalimu wangu ni huyo."

Watu walipiga vigelegele. Aliposhuka nilimpokea mzigo. Sikumtania siku ile. Nilianza kesho yake, baada ya kugawana naye zile sabuni nusu kwa nusu.

Biashara iliporuhusiwa, enzi ile ya Ruksa, bidhaa na spea za ng'ambo zikajaa madukani na kiwanda kikapunguza watu. Tulipunguzwa sote wawili. Tukafungua karakana yetu kando ya barabara ya Musoma, tukitengeneza majembe ya ng'ombe na mashine za kusaga. Mwanafunzi wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Bugwema, mjane, aliyechoka kusubiri mafundi wa kutengeneza mashine yake ya kusaga. Alijifunza akifanya kazi nasi, kisha akafungua karakana yake Nyakato. Siku ya kumpongeza, baba aliomba kusema machache. Alisema mpaka pilau likapoa, kuanzia geti hadi katoni ya sabuni, na yule mama akamsikiliza wakati wote akiwa amesimama, spana ya zawadi mkononi, akilia na kucheka.