Kaburi Nyuma ya Nyumba ya Mchungaji

Nikisikia mtu anamwambia mwanamke mchungaji "awe mnyenyekevu", damu inanichemka. Mara nyingi anataka tu mama huyo anyamaze. Unyenyekevu naujua mimi. Kila asubuhi napiga magoti kanisani kabla sijanywa hata chai, na nikikutana na mzee njiani hapa Izigo napiga magoti tena, kwenye vumbi, namsalimia kama binti yeyote wa Kihaya aliyelelewa. Magoti yangu hayana kiburi. Mdomo, huo ni habari nyingine.

Siku hiyo pikapu ilipanda kutoka mwaloni, kule mitumbwi ya kisiwani inakotia nanga, imebeba maiti ya mvuvi, mkewe amekaa pembeni ya jeneza. Marehemu nilimfahamu. Kila nilipovuka kwenda kisiwani kuendesha ibada, yeye ndiye aliyetandika turubai la kukalia na kuanzisha nyimbo. Malaria ilimmaliza. Hawakuwa watu wa huku. Walitoka mbali, ng'ambo ya ziwa, na ndugu waliobaki hawajulikani walipo.

"Mama Mchungaji," mkewe aliniambia, "kule kisiwani samaki wakihama na kambi inahama. Nikimwacha kule, mwakani nitakuta pori. Nitafutie mahali nitakapowaleta wanangu niwaambie, baba yenu yuko hapa."

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni, karibu na nyumba. Na ukimzika mgeni kwenye kibanja chako umemfanya wa kwenu, yeye na watoto wake. Ndiyo maana nilipowaita wazee wa kanisa nikawaambia azikwe kwenye kibanja cha usharika, nyuma ya nyumba ninayokaa, walitazamana.

"Apelekwe makaburi ya mjini, Bukoba," mwenyekiti wao alisema. Ni mzee ninayemheshimu sana, ndiye aliyenifundisha kipaimara. "Kesho watoto wake watakuja kudai migomba."

"Waje wale ndizi," nikasema. "Kwani nani anazimaliza?"

"Mama Mchungaji, mtumishi wa Mungu huwa mnyenyekevu."

Jamani! Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti mbele yao, kwa heshima zote, na nikiwa palepale chini nikasema kwa sauti ambayo nadhani hata waliokuwa barabarani waliisikia: "Wazee wangu, nimewasikia. Atazikwa hapa, leo."

Wakaondoka, na huko nje wakawakataza vijana kushika jembe. Walidhani wamenimaliza, maana kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Thubutu! Nilivua kola, nikafunga kanga kiunoni, nikaingia kwenye migomba na jembe langu la kupalilia. Mjane akanifuata. Nilimwambia akae na mumewe, akakataa, akaanza kuzoa udongo kwa beseni. Niliogopa, sikatai. Nilichimba huku naomba, maombi ya hovyo hovyo, "Bwana nipe mgongo, Bwana nipe mgongo," na majirani wamesimama kando wanatukodolea macho, hakuna anayesogea.

Shimo lilipofika kiunoni nikakutana na mwamba. Jembe likagonga likarudi, na malengelenge mikononi yakapasuka. Nilikaa chini humo ndani nikalia kwa hasira. Nilipoinua uso, mwenyekiti alikuwa amesimama juu yangu, sururu begani, uso ameukunja.

"Toka humo. Umelichimba limepinda."

"Sitoki, waitu, mzee wangu. Ingia tulinyooshe."

Alisonya. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye mgomba, akashuka. Vijana walipomwona wakaona aibu, wakaja na machepe. Tulichimba pamoja mpaka kaburi likakamilika. Alasiri tulizika. Mjane alilala kifudifudi juu ya udongo mbichi, na hakuna aliyemharakisha.

Habari zilifika Bukoba upesi kuliko nilivyotegemea. Wakubwa wangu wa dayosisi waliniita, wakaniambia niwaombe wazee radhi. Niliwaomba, mbele ya usharika wote, kwa kosa la kuwapandishia sauti, na nilimaanisha. Kwa kaburi sikuomba. Basi nikaambiwa kwa upole kwamba mchungaji asiyesikia huhamishwa.

Sawa. Mimi ni mtumishi. Wakisema nenda usharika wa Buganguzi, nitafunga virago bila neno, na huko nako nitapiga magoti. Lakini mchungaji atakayekuja baada yangu akifungua dirisha la jikoni atamwona mvuvi wetu pale kwenye migomba, na mjane akija na watoto wake itabidi awakaribishe ndani. Mimi naweza kuondolewa hata kesho. Mvuvi hatoki.