Hadithi za Kupima Dukani kwa Luding

Saa kumi na moja jioni, watoto wametoka shule, na foleni kwenye dirisha la duka la Ludivina Palabrica, tunayemwita Luding, imefika hadi kwa mchoma ndizi. Huyu anataka siki ya kupima, yule sigara moja. Cherrylou, mwenye miaka kumi na miwili, anataka sura ya tano.

"Ya nne umerudisha?"

"Hii hapa, Shangazi."

"Haya, kengele ya kanisa kaiba nani?"

"Padri. Naapa."

"Ngoja uone," anasema Luding, akimkabidhi kurasa zilizofungwa kwa mpira.

Hapa kisiwani Guimaras, Ufilipino, tunanunua kila kitu kwa kupima, hata shampuu ya kuoga mara moja. Luding, mjane wa miaka 54, akaona kitabu nacho kinapimika. Vitabu vya msaada vilipoletwa kijijini akakabidhiwa avitunze, na vikakaa mwaka mzima bila kuguswa. Ndipo akachukua kisu, akavipasua sura kwa sura.

"Mpe mtoto kurasa mia mbili, ataona umempa adhabu," anasema. "Mpe kumi, kesho atakuamsha."

Duka likichangamka humbakizia peso mia tatu kwa siku. Vitabu havimletei hata moja.

Wala haulizi mtoto anapenda nini, maana jibu huwa "chochote". Huuliza nani kamuudhi wiki hii. Aliyegombana na kaka yake hupewa hadithi ya ndugu wawili waliopotea msituni. Aliyefiwa na babu huanza na vichekesho. "Kilio anacho tayari nyumbani," anasema Luding.

Mtoto wa kwanza kukimaliza kitabu hukishona kwa uzi wa nyavu. Kikishonwa hakikatwi tena. Hupanda rafu ya juu, wanakochukua wale wasioogopa tena kitabu kizima.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kijiji, Efren Sumagaysay, alifika akakuta kisu kazini.

"Wewe mama, vitabu vya msaada unavichinja kama kuku? Ijumaa nalipeleka kikaoni, kisha naleta gunia, navibeba vyote." Akaondoka na sura ya kwanza ya ile hadithi ya kengele, iwe ushahidi.

"Sikulala," anasema Luding. "Nyumba nyingi hapa hazina kitabu kingine. Angevibeba, ndiyo basi tena."

Alhamisi jioni mwenyekiti akaonekana kwenye foleni, nyuma ya watoto. Akaomba siki. Kisha, kwa sauti ya chini, sura ya pili.

Luding hakumpa hivi hivi. "Kwanza sema, nani kakuudhi wiki hii?"

"Wewe."

"Basi hadithi hiyo inakufaa. Ila sura ya pili anayo Cherrylou. Subiri zamu yako."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kikao cha Ijumaa kilizungumzia mitaro ya maji tu.

Leo mwenyekiti yupo tena, na gunia begani. Analitua dirishani. Limejaa vitabu alivyozunguka kuomba mjini Iloilo.

"Na hivi utavichinja?" anauliza.

"Nitavichinja," anajibu Luding, na uso wote unacheka. "Ila natamani siku moja rafu ya juu ijae, watoto wote wachukue vizima, kisu hiki kishike kutu."

Mwenyekiti anakohoa. "Sura ya nne imerudi?"

"Imerudi," anadakia Cherrylou, "na yule padri…"

"Nyamaza wewe mtoto," anasema mwenyekiti, mkono umeshapita dirishani. "Usinimalizie uhondo."