Bunduki Isiyopiga Teke

Sisi wengine huita "Vuta!" ili sahani ya udongo irushwe hewani tuilenge kwa bunduki, lakini jirani yangu, mkunga mstaafu, huita "Sukuma!" kwa sauti ileile ya wodini. Tangu apasuliwe bega alikuwa akija uwanjani kutazama tu, maana bunduki ya marehemu mumewe ilikuwa ikipiga teke kama punda. Jana muuzaji wa bunduki, Hedley, alimwazima bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe.

"Nzito kidogo, mama, lakini teke inalimeza yenyewe, haitakuumiza."

"Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nawadanganya wajawazito."

Akakaza meno, akaita, akafyatua, kisha akafumba macho kungoja maumivu.

"Mbona teke halijaja?"

"Risasi imeshatoka, mama. Na sahani umeivunja."

Akajipapasa bega polepole, akashusha pumzi ndefu.

"Nirushie nyingine, mwanangu, kabla sijaamka kwenye ndoto hii."