Kengele Iliyovikwa Kitambaa

Siku gesi ilipovuja jikoni kwa mama, kengele niliyomtengenezea haikulia. Ilikuwa nzima, na umeme ulikuwepo.



Mama anaishi Mabira, huku Kyerwa. Pua yake ilikufa baada ya homa moja kali. Ndizi ziungue mpaka majirani waje, yeye hana habari.

Dada yangu Mackrine akamnunulia jiko la gesi, kwa nia njema kabisa. Mimi usingizi ukakatika: gesi ikivuja, atainusaje?

Nilikuwa chuoni nasomea umeme. Nikasema, basi, namtengenezea mama pua.

Nikaanza na programu ya kujaribia saketi kwenye kompyuta. Kihisi cha gesi hakikuwemo. Nikapakua faili zake, nikazibandika kwenye folda ya programu, nikaiwasha upya, kikatokea. Kina mguu mmoja wa majaribio: ukiupa namba moja, ni kama gesi ipo, kengele inalia. Ukiupa sifuri, kimya.

Hakikukosea. Nikajiona injinia, wee acha tu.

Nikaunda kifaa halisi, nikakifunga ukutani jikoni kwa mama. Nikakipulizia gesi ya kiberiti, kikapiga kelele. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe hiki ndicho kitaninusia?"

"Ndiyo, mama. Kikilia, toka nje."

"Nitakitunza, baba."

Nikarudi chuoni kifua mbele.

Halafu Mackrine akapiga simu, analia. "Njoo Nyakahanga hospitali. Gesi imelipuka, mama kaungua."

Nilimkuta mikono yote imefungwa bandeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kama mwenye kosa. "Kidude chako hakikulia. Nimekiharibu?"

"Ulikigusa?"

"Hata. Si unajua ndizi bado napikia kuni? Masizi yalikuwa yanakichafua. Nikakivika nailoni, nikakibana vizuri, juu nikaweka kile kitambaa changu cha kufuma, cha kufunikia redio."

Kwenye kompyuta hakuna masizi, wala mama anayetunza kitu cha mwanawe. Nilimfundisha sauti ya kile kidude, nikasahau kumwambia kwamba kinavuta hewa.

"Hukukiharibu, mama."

Akatabasamu kwa shida. "Uzi umebaki. Nikipona nakifumia kingine."

Nikaitazama ile mikono. Nikaanza kumpepea.

Ndugu zangu, ukimpa mzazi kitu, usiishie kumwambia kinafanya nini. Muulize na yeye atakitunzaje.