Sahani za Mpiga Eksirei

Hospitali ile ilikuwa na mtu mmoja aliyewaambia watu maneno yaleyale kila siku ya kazi: "Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike." Watu walizuia, mashine ikanguruma, na mbavu zao zikajitokeza kwenye kompyuta. Alikuwa mpiga eksirei, tena hodari, na uhodari huo ndio uliomponza. Wenziwe wawili walipohamia kwingine, uongozi haukuona haja ya kuajiri wengine. Wa nini, ilhali yeye yupo? Akapewa zamu zao, akapewa na mikutano yao, na mwisho wa mwaka akapewa cheti cha Mfanyakazi Bora ndani ya fremu ya kioo. Punda akibeba mzigo wa watatu hupewa angalau nyasi za watatu. Binadamu hupewa fremu.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Nyuma ya ukumbi ambamo mkewe alishonea watu nguo kulikuwa na chumba chenye matangi ya kioo yaliyopangwa ukutani, na ndani ya matangi mlikuwa na samaki bapa, wa duara, wanaotembea majini kwa madaha kama mabibi harusi. Wafugaji huwaita diskasi. Mkewe aliwaita sahani.

"Sahani zako zimekula?" angeuliza huku mguu uko kwenye cherehani.

"Zimekula."

"Basi njoo na wewe ule, kabla sijakutia kwenye maji ili nawe ukumbukwe."

Kwa miaka mingi alikuwa akimchagua jike huyu na dume yule, akiozesha na kuachanisha kwa subira ambayo mkewe alisema angeipata yeye robo yake angekuwa malkia. Hatimaye akapata ukoo wake mwenyewe: samaki wa rangi ya machungwa mabivu, wenye mchirizi mmoja wa buluu unaokatiza juu ya jicho. Hapakuwa na mfugaji mwingine aliyekuwa nao. Wenzake waliuita ukoo wa Eksirei, naye alijifanya hasikii, kwa jinsi ya mtu anayesikia vizuri sana.

Kisha asubuhi moja, katika chumba cha kubadilishia nguo pale hospitalini, aliketi kwenye benchi akiwa na koti lake jeupe la kazi mapajani, akashindwa kulivaa. Hakuwa amegoma. Akili iliamuru na mikono ikakataa. Nje wagonjwa walikuwa wakigonga mlango, na yeye alikuwa akilitazama koti kana kwamba ni la marehemu.

Daktari aliuita ugonjwa huo sonona, akasema umezaliwa na uchovu uliopuuzwa muda mrefu. Watu wengine waliupa majina yao. Kaka yake mkubwa, wakili mwenye suti nyeusi na sauti ya mahakamani, alisimama mlangoni pa chumba cha kulala akatoa hukumu: "Mdogo wangu, mwanamume mzima unalazwa na mawazo? Mawazo tunayo sote."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema waliotutangulia, na hawakukosea hata nukta. Mtu huyu angevunjika mguu, angeletewa matunda na kusainiwa plasta. Kwa kuwa kilichovunjika hakikuonekana katika picha yoyote, aliletewa mawaidha. Wapo waliomwambia afanye mazoezi. Wapo waliomwambia ashukuru, kwa kuwa wapo walio na shida zaidi. Hospitali aliyoitumikia mpaka akaisha ilimtumia ujumbe wa simu kuuliza funguo za kabati ameziacha wapi.

Matangi yakageuka kijani. Mkewe, ambaye hakujua la samaki wala la maji yao, alijaribu kuwabadilishia maji kama alivyoona mumewe akifanya, na kila asubuhi aliopoa mmoja aliyeelea ubavu. Mwisho alimwita kinyozi wa mtaa, aliyefundishwa ufugaji na mumewe, akamwambia, "Shemeji, chukua waliobaki. Mimi nina mgonjwa mmoja tu ninayemweza." Kinyozi akawabeba kwa ndoo. Mume, aliyelala ameelekea ukuta, hakugeuka kutazama.

Kupona kulikuja kama nywele zinavyoota: hakuna aliyekuona kukija. Dawa, mazungumzo na mshauri, usingizi wa kweli, kisha siku moja akajipapasa kichwa akaamua kwenda kunyolewa.

"Karibu kiti, mzee wangu," kinyozi alimpokea kama aliyemwacha jana. "Hizi si nywele, huu ni msitu. Humu sitashangaa nikikutana na nyani."

Akacheka. Kicheko kilimtoka kikiwa na kutu, lakini kilimtoka. Alipoinua macho kwenye kioo cha ukutani, aliona nyuma ya mabega yake tangi dogo, na ndani yake samaki wa rangi ya machungwa mwenye mchirizi wa buluu juu ya jicho.

"Huyu..."

"Ndiye. Wengine walikufa, nisamehe. Huyu ananisaidia kazi. Mteja akimtazama hatikisiki, hata mtoto." Kinyozi alizima mashine yake. "Lakini amezeeka, mzee wangu. Bado anataga. Dume niliyenaye ni kijana wa ukoo mwingine, na hapa dukani hawapati utulivu, mayai yanaoza. Kama unamtaka, ni sasa. Akiacha kutaga, tutabaki na bibi wa kutazamwa, na ukoo umekwisha."

Alirudi nyumbani na ndoo yenye samaki wawili, kichwa kimenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine, kwa kuwa hakungoja kumaliziwa. Mkewe alisimamisha cherehani.

"Hiyo ndoo ina nini?"

"Sahani."

Mkewe alicheka, kisha akainamia uzi ambao haukuwa umekatika, akahangaika nao mpaka macho yakamkauka.

Akasafisha tangi moja. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika, na diskasi akishtuka huweza kuruka nje. Alizunguka nyumba akitafuta kioo, macho yakatua kwenye cheti ukutani. Akachomoa kioo cha fremu, akakipima: kilikaa juu ya tangi kana kwamba kilikatwa kwa ajili hiyo. Karatasi ngumu ya cheti chenyewe mkewe aliichukua, akaichora, akaikata, ikawa kipimo cha kola. Hatimaye kilifanya kazi.

Hapa yafaa kusema jambo ambalo mfugaji wa diskasi hulijua kama jina lake. Vifaranga vya samaki hawa havilishwi chakula mwanzoni. Hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi wao. Wakati ukifika, mama na baba hugeuka rangi, wakawa weusi, na vifaranga, ambavyo havijui mama wala baba, hukifuata chochote kilicho cheusi zaidi ya vingine. Ndiyo sababu tangi la kuzalishia haliwekwi kitu cheusi. Kifaranga kikidanganyika, hung'ang'ania bomba au sifongo ya kuchujia maji mpaka kife njaa, mama yake akiwa kando na ubavu umejaa chakula. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake sheria hiyo. Akaweka sifongo nyeupe, bomba jeupe, na kigae cheupe cha bafuni ili jike atage juu yake.

Jike akataga, na dume kijana akayala mayai yote kabla ya chai ya asubuhi. Akataga tena, mayai yakaota ukungu. Mara hii mume alirudi kitandani mchana kweupe, na mkewe akaketi ukingoni mwa kitanda, woga wa zamani ukimrudia.

"Huenda mkono wangu umekufa," mume alisema.

"Mkono upi? Huuhuu unaoninyang'anya blanketi?"

Kisha blanketi likatikisika kwa kicheko. Akaamka.

Mayai ya tatu yakaanguliwa. Vifaranga vilining'inia kwenye kigae vikichezesha mikia, na siku vilipobanduka na kuogelea, alisogeza kiti mpaka goti likagusa kioo. Alikuwa amevaa sweta lake jeusi, lile alilolivaa wakati wote wa ugonjwa, ambalo mkewe alikuwa akilifua kwa kulivizia. Jike alikuwa amegeuka rangi, mweusi kama chungu cha kupikia. Kila kitu kilikuwa sawa.

Vifaranga vikampita. Kundi zima, kama vumbi linalopeperushwa, likampita mama, likampita baba, likaja kujibana kwenye kioo cha mbele. Jike akavifuata, akavidaka kwa mdomo, akavitema mgongoni pake, vikarudi kiooni. Mume akainama karibu zaidi. Kufikia adhuhuri vingine vilikuwa vimelala chini, havichezi.

Akampigia kinyozi simu.

"Kuna cheusi humo, mzee wangu."

"Hakuna."

"Sifongo?"

"Nyeupe."

"Pampu?"

"Iko nje, nimeifunika taulo jeupe."

"Basi sijui. Wewe ndiye mwalimu, nami nitakwambia nini?"

Mkewe aliingia na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake. Yeye alikuwa akikihamisha kiti kulia ili aone vizuri. Mkewe, ambaye kwa kazi yake jicho lilizoea kuona kitambaa kikivutwa upande, aliona vumbi lile likivutwa kulia.

"Hebu sogea kushoto."

"Niende wapi?"

"Kushoto, bwana. Huelewi kushoto?"

Akasogea. Kundi likasogea.

"Baba watoto," mkewe alisema polepole, kikombe kikimwinamia mkononi, "wanakufuata wewe. Cheusi ni wewe."

Akalitazama sweta lake. Alikuwa ametoa vyeusi vyote isipokuwa kimoja, na hicho alikiketisha kwenye kiti.

Jambo lilikuwa rahisi: ainuke. Lakini hakuinuka. Kwa miaka aliyopiga picha peke yake, alikuwa amelishwa imani moja tu, kwamba akiondoka kila kitu kitakufa. Kwa imani hiyo alikwenda kazini na homa, kwa imani hiyo alikula amesimama, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemwambia kuwa ni uongo, kwa sababu uongo huo uliwafaa.

"Nikiondoka, nani ataviangalia?"

"Mama yao. Ana macho, nimeyaona."

"Na visipokwenda kwake?"

"Basi havitakwenda. Ila ukikaa hapo, havina hata nafasi ya kukosea. Inuka, mume wangu."

Akainuka. Mkewe alileta shuka jeupe, akalizungushia tangi kwa pini, haraka na nadhifu, kama anayemvisha mteja mwenye haraka. Akamshika mumewe mkono, akamtoa, akafunga mlango, akamkabidhi suruali ya mtu afumue pindo.

"Nikachungulie?"

"Kaa."

"Kidogo tu."

"Wewe ulikuwa ukiwaambia watu nini kule kazini?"

Akainamisha kichwa. "Usitikisike."

"Haya."

Akafumua pindo. Akafumua na la pili, ambalo halikutakiwa kufumuliwa, na mkewe akaliona, akatunga uzi wa kulirudishia.

Jua lilipoanza kulegea alisema, "Sasa niache niende. Lakini sitakwenda hivi." Alivua sweta. Akafungua kabati, akasukuma nguo pembeni, na kule mwisho likamtazama koti lake jeupe la hospitali. Mkewe alishika ubao wa kabati. Alitaka kusema lipo shati jeupe, lipo na taulo, akazuia pumzi. Mume akatia mkono mmoja, mkono ukapita. Akatia wa pili. Akafunga vifungo mpaka cha juu, akanyoosha kola, akaenda kwa samaki wake akiwa amevaa rasmi.

Akaling'oa shuka pini moja moja. Kioo cha mbele kilikuwa kitupu. Jike mzee alikuwa katikati ya maji, ametulia, na ubavuni mwake, kuanzia shavuni hadi mkiani, palikuwa na manyoya yanayotetemeka: vifaranga vyake, vikimdonoa, vikila.

"Mama watoto," aliita, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya mtu mwenye chake. "Njoo uone. Vaa kitu cheupe."

Kaka wakili alikuja siku chache baadaye, kwa kuwa habari ilimfikia kwa kinyozi, aliyekuwa akimsimulia kila mteja kana kwamba ametaga yeye. Alijikuta amezuiwa mlangoni.

"Vua koti, kaka."

"Koti langu limekosa nini?"

"Ni jeusi. Suruali pia."

"Nivue suruali?"

"Shemeji, jifunge hili," mke alisema, akimpa shuka, uso wake mkavu kama wa hakimu.

Hivyo wakili akaingia kwa hatua ndogo, amefungwa shuka kuanzia kifuani, akasimama mbele ya tangi. Akatazama muda mrefu.

"Wanakula nini?"

"Wanamla mama yao."

"Na huyo mama, si ataisha?"

"Subiri. Usitikisike."

Jike aliogelea taratibu mpaka ubavuni mwa dume. Kisha akajitikisa mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayetupa vumbi kwenye nguo, na vifaranga vyote vikamtoka, vikamrukia baba. Jike akaenda pembeni, peke yake, akatulia.

"Amewafukuza?"

"Amepokewa zamu," mpiga eksirei alisema. "Samaki huyu hajasoma popote, kaka, lakini anajua kuwa hawezi kulisha peke yake. Mimi nilikuwa na uongozi mzima, wenye ofisi na viti vya kuzunguka, na hakuna aliyejua."

Wakili alifungua mdomo, mdomo uliozoea kushinda kesi, na shuka likaanza kumponyoka. Akalidaka.

"Mdogo wangu, yale maneno niliyokwambia pale mlangoni..."

"Utaniambia nje. Unavishtua."

Mpiga eksirei akasimama, mikono mifukoni mwa koti jeupe, kidevu juu, kando ya tangi lililofunikwa kwa kioo cha cheti chake, akiutazama ukoo wa Eksirei ukihama kutoka ubavu hadi ubavu.